Klachi ya Baba na Kilima cha Bidiya

Mwezi uliopita mashine yangu ya kufulia ilizima ikiwa na nguo zote ndani, zimelowa chapachapa. Fundi akaja, akaifungua mgongoni, akauchomoa mkanda wa mpira na kunipa nimshikie wakati anatafuta mpya ndani ya mkoba wake. Basi nikasimama pale mlangoni, nyumbani kwangu Maskati, na ule mkanda mkononi, nikashikwa na hasira ambazo yule fundi wa watu hakuwa na habari nazo. Akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, nimekumbuka mambo ya kwetu Ibra. Nawe kaa nikusimulie, maana mume wangu nikimsimulia huanza kucheka kabla sijafika katikati.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ya tisini inakaribia kwisha. Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, bibi mzaa mama, na mimi, mtoto wa pekee. Bibi alikuwa mtu wa mjini Unguja, wa zama zile, na baba alizaliwa Tabora, kwa hiyo bibi hakuchoka kumtania kwamba Kiswahili chake cha bara kinakwaruza masikio. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya magari ya serikali. Mama alisomesha, na mambo ya mashine alisema kabisa kwamba hayamhusu, asiulizwe.

Msimu ule wa baridi ulipoanza, baba alirudi kutoka Sur na pikipiki ya magurudumu manne, yale manene ya kuendea mchangani. Aliichukua kwa mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa anamaliza kazi zake na kurudi kwao. Mzungu yule akampa na kitabu. Sasa usinicheke: kitabu chenyewe kilikuwa cha kurekebisha klachi za pikipiki za theluji, zile zinazokwenda kwa mkanda mpana chini na vibao viwili mbele. Alimwambia baba kwamba klachi ni ile ile, na kwamba mchanga mlaini na theluji laini zinamsumbua fundi kwa namna moja. Baba alisoma shule ya Kiingereza, akakisoma kitabu kile jalada hadi jalada, amekaa uani Ibra na feni ya mezani inampepea, anajifunza jinsi ya kupanda mlima wa barafu. Bibi aliziangalia picha, akauliza watu hao wanaishi vipi ndani ya friza.

Ngoja nikueleze klachi yenyewe, maana bila hivyo hutaelewa tulivyoteseka. Pikipiki ile haikuwa na gia za kubadilisha kwa mguu. Ilikuwa na puli mbili, moja kwenye injini, moja nyuma yake, na mkanda wa mpira unaoziunganisha. Ndani ya puli ya mbele mlikuwa na vyuma vidogo sita. Injini ikikaza mwendo, vile vyuma vinatupwa nje, vinaibana puli, mkanda unapanda, na pikipiki inakimbia. Puli ya nyuma ina springi inayovuta kinyume. Vyuma vikiwa vizito mno, klachi inakimbilia mwendo kabla ya wakati wake, na injini inakabwa katikati ya kilima. Vikiwa vyepesi mno, injini inapiga kelele na wewe huendi popote. Baba alisema kuna mahali katikati ambapo injini inaimba, na kazi ya fundi ni kuifanya iimbe kutoka chini hadi juu bila kubadili sauti. Mpaka leo naweza kuisikiliza injini nikakwambia iko wapi, elimu ambayo haijanisaidia kitu maishani.

Kwa nini nilijifunza yote hayo? Kwa sababu baba aliniahidi. Alisema klachi ikikaa sawa, nitapanda mimi, peke yangu, mpaka juu ya kile kilima kikubwa cha mchanga cha Bidiya ambacho vijana walikuwa wakishindania kila Ijumaa. Bibi naye akaweka mpaka wake siku ile ile. Mwisho wa darasa la sita, akasema. Nikishaingia shule ya idadi, ile ya baada ya msingi, mimi ni mwanamke, na mwanamke hakai juu ya dude kama lile mbele ya wanaume wa watu. Baba hakumpinga, maana mkwe kwetu hapingwi. Kwa hiyo mimi nilikuwa na baridi moja tu. Kuanzia Novemba mpaka joto la Aprili, basi, na baada ya hapo kwaheri.

Ijumaa ya kwanza tulikwenda na jirani yetu, mtu wa asili ya Al Qabil, aliyekuwa na pikapu ya kubebea mbuzi na lusu, majani ya kuwalisha. Pikipiki ikapandishwa nyuma, nami nikaketi katikati yao wawili, birika ya kahawa mapajani. Baba alipigia kilima mbio kutoka mbali. Mwanzo injini ikapiga mayowe, halafu nusu ya njia ikakohoa, ikakabwa, ikazama mchangani hadi kwenye ekseli. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya magari yao wakacheka. Mmoja akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika, kwamba Wazinjibari, ndivyo walivyotuita sisi Waarabu tuliorudi kutoka Afrika, warudishe mashine yao huko huko. Baba alishuka, akaikokota kuigeuza, jasho linamtoka na kanzu yake ya dishidashi imejaa mchanga. Nilimwomba nipande pale pale, hata kwenye tambarare, hata taratibu. Hakunitazama. Akasema bado klachi haijakaa.

Neno hilo nililisikia mpaka likanitoka puani. Kila baada ya Ijumaa baba alikifungua kifuniko cha klachi, akavitoa vyuma vile sita, akavibana kwenye jiliwa na kuvipunguza kwa tupa, kidogo kidogo, vumbi la chuma likidondoka juu ya gazeti. Kazi yangu ilikuwa kuvifuta na kuvipanga kwa zamu zake, cha kwanza mpaka cha sita. Vyote sharti viwe na uzito mmoja, vinginevyo puli inatikisika. Mizani ya jikoni haikuona tofauti ndogo kiasi hicho. Hapo ndipo tulipoanza safari za Nizwa.

Nizwa palikuwa na sonara wa fedha, mzee aliyekulia Pemba, anayetengeneza ala za majambia. Mizani yake ilikuwa ndani ya sanduku la kioo ili upepo usiiguse. Mara ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa furaha kubwa, akavimimina vyuma vyetu kwenye kiganja, akamuuliza baba bibi harusi mwenyewe nani. Alipoelezwa alitikisa kichwa, lakini akavipima kimoja kimoja kwa adabu ile ile aliyopimia fedha, na kilichozidi akakipunguza mwenyewe kwa tupa yake ndogo kama sindano. Tulikunywa kahawa, tukala haluwa, tukarudi Ibra na vyuma vimefungwa ndani ya karatasi. Safari ile ilikuwa ya saa nyingi kwenda na kurudi, nami niliipenda, sitasema uongo. Ila Ijumaa ikifika, mambo yalikuwa yale yale.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Chini ya kilima injini ilipiga mayowe na pikipiki haiendi, dalili ya vyuma vyepesi. Katikati ya kilima ikakabwa, dalili ya vyuma vizito. Baba akitia vingine vizito zaidi, chini inazidi kuwa afadhali na juu inazidi kufa. Akipunguza, inakuwa kinyume. Alibadilisha springi ya nyuma mara mbili. Akakirudia kitabu cha theluji sura kwa sura, akapigia mistari kwa kalamu nyekundu, na hakuna ukurasa uliosema mashine moja inaweza kuugua magonjwa mawili yanayopingana ndani ya mpando mmoja. Alikuwa fundi aliyefufua malori ya serikali, na pikipiki ya kuchezea ilikuwa inamdhalilisha kila wiki mbele ya watu. Nyumbani akawa hasemi sana. Mama alimwambia aitupe. Mimi nilihesabu Ijumaa zilizobaki kwenye kalenda ya jikoni na kila nikihesabu moyo uliniuma.

Sasa nikurudishe kwenye Alhamisi. Kwa bibi, Alhamisi ilikuwa siku ya mafuta. Nazi alizinunua soko la wanawake la Jumatano, zile zinazoletwa kutoka Salala, akazikuna, akachuja tui, akalichemsha mpaka mafuta yaelee. Harufu hiyo ilijaa nyumba nzima, kwenye mapazia, kwenye matandiko, hata kwenye madaftari yangu; mwalimu wetu aliwahi kulinusa langu akaniuliza kama naandikia jikoni. Alhamisi asubuhi, maana siku zile mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, baba akiwa ametoka kwenda kutafuta spea, bibi aliniketisha baina ya magoti yake akanipaka nywele na kunisuka. Kibakuli hicho hicho kikaendelea na safari: bawaba za mlango, kufuli la kasha lake la Unguja, makubadhi, miguu yake mwenyewe. Kwake yeye, kitu kikavu kilikuwa ni kitu kilichosahauliwa na wenyewe.

Na pikipiki ilikuwa uani, kifuniko wazi wiki nzima, mkanda wake unaonekana. Bibi aliutazama wiki ya kwanza kabisa, kabla hata hatujakwenda Bidiya, akasema masikini, angalia mpira ulivyopasukapasuka. Akaniambia niupake. Nikaupaka. Nilichovya vidole, nikaufuata mkanda pande zote, nikiuzungusha kwa mkono mwingine, na mpira ukayanywa yale mafuta mpaka ukawa mweusi mzuri. Bibi alifurahi. Aliniambia sasa utakwenda laini, utafika juu. Kuanzia hapo kila Alhamisi niliupaka bila kuambiwa, na wakati mwingine niliusomea na Fatiha, kwa sababu nilikitaka kile kilima kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani.

Wewe umeshaelewa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuelewa. Mkanda ule unafanya kazi kwa kung'ang'ania puli. Ukiwa na mafuta unateleza, injini inapiga mayowe bure. Ukishapata moto kilimani mafuta yanakauka, unang'ata kwa ghafla, na vile vyuma vizito alivyovitia baba vinaikaba injini. Msimu mzima alikuwa anatibu maradhi ambayo mimi nilikuwa namtilia kila wiki kwa mkono wangu. Na usiniulize kwa nini hakunusa nazi. Nyumba ile ilinuka nazi kutoka mlangoni hadi paani, na mtoto aliyesimama karibu yake muda wote alinuka nazi kuliko mkanda.

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi alirudi mapema, duka alilolifuata lilikuwa limefungwa. Alinikuta nimechuchumaa, vidole ndani ya kibakuli.

"Unafanya nini?"

Nikamwambia naupaka, umekauka.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, baba. Kila Alhamisi."

Baba akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Bibi aliyasikia kutoka jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akasema asigombezwe mtoto, yeye ndiye aliyemtuma, mpira ulikuwa unatia huruma.

"Mama," baba akamwambia, polepole sana, "kazi ya mkanda huu ni kung'ang'ania."

"Na mafuta yanamzuia nani kung'ang'ania?" bibi akamjibu. "Mimi najipaka kila siku na sijawaachia mpaka leo."

Baba alimtazama mkwewe. Nilimwona anatafuta neno, na kila alilolipata halikuwa la kumwambia mtu uliyempigia shikamoo asubuhi ile. Akainuka, akaenda kunawa, akatawadha, akaenda kuisubiri adhuhuri msikitini saa nzima kabla ya watu wote. Mimi hakunigombeza hata kidogo. Laiti angenigombeza. Nilikaa pale chini na mikono yangu inang'aa, najua kwamba Ijumaa zangu zote nimezila mwenyewe.

Mkanda uliosharabu mafuta hausafishiki. Tulijaribu sabuni, tukajaribu petroli, ukaanza kuvimba. Mpya ukaagizwa Maskati, na Maskati wakasema wanaagiza ng'ambo. Wakati tunausubiri, baba aliviangalia vile vyuma sita, vilivyopimwa kwa mizani ya fedha kwa ajili ya mkanda wenye mafuta, akavitia vyote ndani ya kopo la maziwa na kuanza upya na vingine. Nilivipanga kwa zamu zake kama kawaida. Upepo wa moto ulikuwa umeshaanza kuingia mchana, na kwenye kalenda ya jikoni sikuhesabu tena.

Mkanda ulifika katikati ya Aprili. Ijumaa iliyofuata tulikuwa Bidiya mapema alasiri, na watu walikuwa wachache, joto lilishawafukuza wengine. Baba akakipigia kilima mbio. Injini ikashika sauti moja, nene, safi, na haikuibadilisha. Iliimba chini, ikaimba katikati pale ilipokuwa ikifa, ikaimba mpaka juu kabisa, na baba akaonekana mdogo kwenye ukingo wa kilima, ameinua mkono. Jirani yetu alipiga takbira. Mimi nililia, nikavua viatu, nikafunga ushungi wangu mafundo mawili ili usipeperuke. Nilikuwa tayari.

Aliposhuka, wale vijana walimzunguka. Ndio wale wale. Walitaka kujua amefanya nini, na baba, ambaye kwa miezi mitano alikuwa hana la kusema, alikifungua kifuniko akaanza kueleza. Akaeleza puli. Akaeleza springi, kwa Kiarabu chake chenye lafudhi waliyokuwa wakiicheka, na sasa hakuna aliyecheka. Alivitoa vyuma akavipitisha mikononi mwao, akawasimulia mizani ya Nizwa na kitabu cha theluji. Vijana walipiga magoti mchangani kumsikiliza. Sijawahi kumwona baba yangu mrefu kama siku ile. Mimi nilisimama nyuma ya migongo yao, pekupeku, mchanga unaniunguza, nikabadilisha mguu huu na huu. Mara moja niliita, "Baba." Akainua kidole, ningoje kidogo. Nikangoja. Jua likashuka, jirani akatandika mkeka, wakasali magharibi, na baada ya sala kilima hakionekani vizuri. Baba alinishika kichwa akasema Ijumaa ijayo, inshallah.

Ijumaa ijayo ulivuma upepo wa mchanga, huoni mkono wako. Iliyofuata nilikuwa na mitihani. Halafu likaja joto lenyewe, halafu mavuno ya tende, halafu Septemba, na bibi akanivalisha baibui la kwanza la shule ya idadi, akanitazama kwa fahari, akanifukiza udi. Baridi iliyofuata baba aliendelea kwenda Bidiya kila Ijumaa. Alikuwa mtu sasa. Watu walimletea klachi zao kutoka Sur. Niliisikia pikapu inaondoka, nami nikarudi jikoni kukuna nazi.

Hakuna kilichobaki. Bibi alifariki nikiwa chuoni, na siku ya mafuta ikafa naye. Wanangu nywele zao wanazipaka vitu vya chupa vyenye harufu ya matunda. Pikipiki iliuzwa vipande vipande. Sonara wa Nizwa amekufa, dukani kwake wanauza sumaku za kubandika kwenye friji. Hata kile Kiswahili kilichokuwa kikijaza ua wetu kimebaki kwangu na kwa baba, na baba masikio yake yaliliwa na injini, kwa hiyo tunazungumza kwa kupaza sauti.

Idi ya mwaka jana tulikaa wawili barazani baada ya wageni kuondoka. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamuuliza kwa nini ile Ijumaa ya kwanza kabisa hakuniacha nipande, na pikipiki ilikuwa inafika nusu ya kilima. Nilidhani hatakumbuka. Alikumbuka kila kitu, mpaka rangi ya gari la yule kijana.

"Walinicheka," akasema. "Sikutaka wakucheke na wewe. Nilitaka ukipanda, ufike."

Nikamwambia, kwa sauti ya juu ili asikie, kwamba mimi nusu ingenitosha. Robo ingenitosha. Kwenye tambarare ingenitosha.

Baba akakitazama kikombe kilichopoa mkononi mwake. Kisha akasema, "Ungesema."

Nilisema. Siku ile ya kwanza nilisema, na ile ya mwisho niliita. Nilikuwa na hasira za miaka zaidi ya ishirini na neno lake liko tayari mdomoni. Nikamtazama, mzee amenikazia macho, anasubiri nimwambie kwamba ni kweli, sikusema.

"Kweli baba," nikamwambia. "Sikusema."